Jumamosi ya soul nyanda za juu kusini: kuandaa sikio, kuipata bendi na kurudi nyumbani

Kwenye mabango ya Mbeya na Iringa neno soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, ni adimu. Utaona usiku wa zilipendwa, usiku wa bendi, bonanza la Jumapili. Soul yenyewe imo humohumo ndani: dakika ishirini au thelathini kabla rumba haijakolea, watu wakiwa bado wanakula, mpiga kinanda anashusha kasi na mwimbaji mmoja, mara nyingi aliyekulia kwaya, anafumba macho. Asiyejua wakati huo unafika saa ngapi atakuwa bado yuko kwenye bajaji. Naye asiyejua asikilize nini atadhani bendi inapasha vyombo moto.

Kwa hiyo Jumamosi hii inaanza Jumanne.

Jumanne hadi Alhamisi: sikio

Soul ni mtoto wa kanisa. Mwaka 1954 Ray Charles alichukua uimbaji wa injili wa Wamarekani weusi akautia maneno ya mapenzi. Sam Cooke aliliacha kundi lake la injili, Soul Stirrers, mwaka 1957 akapita njia hiyohiyo. Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji wa Detroit. Al Green alitoka kanisani, akatajirika kwa nyimbo za mapenzi, kisha akarudi kulekule: tangu 1976 ni mchungaji Memphis. Kwa mtu wa nyanda za juu hii ni faida kubwa. Kama umewahi kukaa kwenye ibada ambamo mwanzilishi anatupa mstari na kwaya inaudaka kabla haujagusa chini, nusu ya somo unayo tayari.

Usianze na orodha ya nyimbo mia. Chukua miji minne, nyimbo tano kila mmoja, uzirudie.

Detroit ndiko Berry Gordy, aliyewahi kuwa kibarua wa kiwanda cha magari, alikoanzisha kampuni ya rekodi ya Motown mwaka 1959 ndani ya nyumba ya kawaida ya kuishi. Sikiliza tambourini inavyokaza mapigo, kisha lifuate gita la besi la James Jamerson, ambaye alikwanyua nyuzi kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Besi yake haisimami kama nguzo. Inatembea, inajibizana na mwimbaji, wakati mwingine inamtangulia.

Memphis ni kukavu zaidi. Studio ya Stax ilikuwa jengo la sinema ya zamani, sakafu bado imeinama kama ilivyokuwa ya watazamaji. Vyombo ni vichache, vipulizo (tarumbeta na saksofoni) vinakata kama panga, na ngoma ndogo (snare) inachelewa kidogo sana nyuma ya pigo. Huko kuchelewa ndiko kunakofanya shingo itikise yenyewe. Anza na Otis Redding, aliyekufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967 akiwa na miaka 26.

Muscle Shoals ni mji mdogo wa Alabama. Aretha alirekodi hapo Januari 1967 na wapigaji wa studio ambao, kinyume na watu wengi wanavyodhani, walikuwa Wazungu. Philadelphia ilikuja mwishoni: kampuni ya Gamble na Huff ilianza 1971, fidla nyingi, mapigo ya kuchezeka. Wapo wanaosema sukari imezidi, na si uongo, ila nyimbo hizo ndizo zinazoinua watu kwenye viti.

Sasa mazoezi. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, na upige makofi kwenye mbili na nne, kwa sababu ndipo ngoma ndogo inapolia. Ukijikuta unapiga moja na tatu usijirekebishe katikati. Nyamaza, sikiliza ngoma ndogo tu, ingia upya.

Zoezi la pili ni la nyimbo za taratibu, ambazo wengi hupotea humo wakidhani bendi imelala. Ndani ya kila pigo kuna vipande vitatu. Hesabu mpaka kumi na mbili kwa kasi sawa, mguu ukikanyaga kwenye 1, 4, 7 na 10, na makofi yaanguke kwenye 4 na 10. Aliyecheza ngoma za kwetu hahitaji darasa hapa, maana mgawanyo huu wa tatu-tatu ameuchezea tangu utoto. Kinachomsumbua ni kasi tu: soul inaupika polepole mno.

La tatu: wimbo mmoja, mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza besi peke yake. Mara ya pili vipulizo: vinaingia wapi, na zaidi ya hapo vinanyamaza wapi. Mara ya tatu mwimbaji. Sikiliza silabi moja inavyovutwa juu ya noti tano au sita, sauti inavyokwaruza penye uchungu, na jinsi anavyokaa nyuma ya mapigo kama mtu asiye na haraka ya kufika. Nyimbo za miaka ya 1960 ni za dakika tatu hivi. Zoezi zima halizidi robo saa, unalimaliza ugali ukiwa jikoni.

Vifaa vinaharibu kazi hii kwa njia tatu. Kwanza, spika ya simu haiwezi kutoa besi. Uzi mnene kabisa wa gita la besi unatikisika mara 41 kwa sekunde, na kispika cha ukubwa wa ukucha hakishuki kufika huko. Tumia visikilizio vya masikioni, hata vya bei ndogo, mradi vizibe sikio vizuri. Kimoja kikilegea besi inavuja yote. Kama una spika ndogo tu, chagua Motown. Nyimbo zile zilichanganywa zisikike kwenye redio ya gari, ndiyo maana hazidhoofiki sana zikipita pembamba.

Pili, rekodi nyingi za wakati ule zilipogawanywa pande mbili waliweka mwimbaji kulia na vyombo kushoto, au kinyume chake. Kisikilizio kimoja kikiwa kimekufa utasikia bendi isiyo na mwimbaji na utalaumu aliyeweka wimbo mtandaoni. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe sauti ya mono. Pande zote mbili zitaingia sikio moja.

Tatu ni bando. Muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde unakula MB 72 kwa saa, wa kilobiti 320 unakula MB 144, na wa 96 unakula MB 43 hivi. Kwa visikilizio vya kawaida 160 inatosha. Pakua nyimbo zako ishirini mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi, la sivyo kila marudio unayalipia upya.

Jambo moja la historia, litakusaidia kuongea na wazee wa bendi. Mwaka 1969 soul ilipigwa marufuku kwenye madansi ya Dar es Salaam kwa hoja kwamba inaharibu vijana. Miaka mitano baadaye, Septemba 1974, James Brown na Bill Withers walikuwa kwenye jukwaa moja la tamasha Kinshasa na wanarumba akina Franco na Tabu Ley. Kwa hiyo ukimwomba mpiga solo wa rumba akupigie soul, humletei kitu kigeni. Unamkumbusha jirani.

Alhamisi jioni: nani anapiga, wapi

Anayejua ratiba ya mji mzima si mwimbaji. Ni mwenye mitambo ya kukodisha, kwa sababu spika zake ndizo zinazozunguka kumbi zote. Ukipata namba yake na kumzoea, unamaliza kazi kwa simu moja. Baada yake zinafuata status za WhatsApp za wapiga vyombo, ambazo huwekwa Alhamisi usiku au hata Ijumaa mchana, kisha redio za mjini, gari la matangazo na mabango ya Kabwe na Mwanjelwa. Kwa Iringa, na kwa Mbeya upande wa Iyunga, pita pia kwenye mbao za matangazo za vyuo. Bendi za wanafunzi zina wapiga kinanda waliotoka kwaya moja kwa moja, na hao ndio wanaoipiga soul bila kuombwa mara mbili.

Piga simu ukumbini. Uliza kama ni bendi kamili au ni mwimbaji na kinanda chenye mapigo yaliyohifadhiwa. Uliza kama kuna saksofoni au tarumbeta. Uliza jukwaa liko ndani au nje, kuna jenereta au hakuna, na kiingilio ni cha mlangoni au kimo kwenye kinywaji. Muhimu kuliko yote, uliza *wanapanda jukwaani* saa ngapi, maana saa ya kwenye bango ni ya kufungua geti. Na hakikisha mnazungumza saa moja. Bango likiandika 8:00 kwa hesabu ya kizungu ni saa 2 usiku, lakini kuna watu husoma saa 8 wakakaa nyumbani. Mwambie mpokea simu: "Yaani saa 2 usiku hii ya baada ya chakula, dada?" Si kosa kuonekana mshamba kwa sekunde tatu.

Tarehe chache zinajulikana mapema. Nane Nane ya viwanja vya John Mwakangale, Uyole, ni siku nane za kwanza za Agosti, na jioni zake huwa na burudani kuliko wikiendi yoyote ya kawaida. Songea, Februari 27, ni kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji. Ukitaka kuona lizombe, ngoma ya Wangoni, ikichezwa na wenyewe, panga safari ya wakati huo. Soul si sehemu yake, ila mguu uliojifunza lizombe hautashindwa na Memphis.

Ukitoka Mbeya kwenda kwenye onyesho la Iringa, au kinyume chake, ni zaidi ya kilomita 300 za barabara ya malori. Ondoka Ijumaa au Jumamosi alfajiri, lala huko, rudi Jumapili. Wanaojaribu kurudi usiku uleule hukosa wimbo wa mwisho kwa kuliwahi basi, kisha basi lenyewe huwasubirisha Makambako.

Mfukoni na mwilini

Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari na Iringa haiko mbali na hapo. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Vaa nguo za tabaka, si koti moja zito: ukumbi ukijaa utavua, ukitoka saa 7 usiku utavaa. Viatu viwe vya kuchezea kwenye sakafu ya saruji.

Beba noti za 1,000 na 2,000, usitegemee chenji mlangoni. Gawanya mara tatu: ya kiingilio na kinywaji, ya kutunza, na ya bajaji. Ya bajaji iweke mfuko mwingine kabisa, usiihesabu tena mpaka wakati wa kuondoka.

Jumamosi mchana

Iringa ina mchana mzuri kuliko Mbeya kwa mambo ya sanaa, tukubali tu. Anza asubuhi Iringa Boma, jengo la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni mwaka 2016. Saa moja na nusu inatosha. Kisha nenda Neema Crafts, mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana ulioanza 2003, ambako mafundi wenye ulemavu wanafuma, wanashona shanga na kutengeneza karatasi, nyingine kwa kinyesi cha tembo. Wahudumu wa mgahawa ni viziwi. Oda unaiandika kwenye karatasi au unaionyesha kwa ishara, kwa hiyo usisimame kaunta ukipaza sauti. Ukiwa na usafiri, Isimila iko kilomita 20 hivi kwa barabara ya Mbeya, yenye zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Malizia jiwe la Gangilonga kabla ya saa 12 jioni, mji wote ukiwa chini yako. Panda na wenzako, usipande peke yako, na ushuke kungali na mwanga.

Mbeya unatafuta watu zaidi kuliko majengo. Mchana wa Jumamosi ndio muda wa bendi kufanya mazoezi na kupima vyombo, na kumbi nyingi hazimfukuzi anayeingia kwa adabu, akaagiza soda na kukaa nyuma. Ni darasa la bure. Utasikia kila chombo peke yake, kimoja baada ya kingine: lile zoezi la Jumanne likifanyika mbele ya macho yako. Usiombe wimbo wakati huo. Fundi mitambo anayetafuta kelele ya waya hataki kusikia habari zako.

Usiku: ukumbini

Ingia mapema kuliko unavyoona inafaa. Bendi ikipanda saa 3 usiku, wewe uwe umekaa saa 2:30. Nyimbo za taratibu hupigwa mwanzo, watu wakiwa bado wanabishana juu ya nyama choma na ndizi. Sebene ikishaanza na uwanja ukijaa, hakuna kiongozi wa bendi mwenye akili atakayewashusha watu kwa ajili ya meza moja.

Mahali pa kukaa: mtafute fundi mitambo. Yeye huchanganya sauti kulingana na anachosikia alipo, kwa hiyo meza iliyo karibu naye ndiyo yenye muziki uliopikwa. Ukishindwa, kaa katikati ya spika mbili, nusu au theluthi mbili ya ukumbi kutoka jukwaani. Epuka pembe na ukuta wa nyuma: besi hujikusanya huko ikavimba, ukasikia mvumo badala ya noti. Meza ya mbele kabisa, ambayo watu huilipia zaidi, ni ya kuonekana. Pale mara nyingi unasikia ngoma na vyombo vyenyewe, mwimbaji anakupita juu ya kichwa.

Kuomba wimbo kuna utaratibu. Usipige kelele kutoka mezani wala usimtume mhudumu na kikaratasi chenye jina la wimbo la kubahatisha. Subiri mapumziko ya kwanza, mwendee kiongozi wa bendi, salimia.

"Shikamoo mzee. Pale mezani tuna wapenzi wa soul. Kabla watu hawajaamka, mnaweza kutuwekea moja ya Otis Redding?"

"Marahaba. Unataka ipi?"

Hapo ndipo wengi huharibu kwa kusema yoyote. Yoyote maana yake hakuna. Uwe na mbili kichwani, na uweze kuimba mstari wa kwanza wa kila moja kwa sauti ya chini. Mpiga kinanda ataokota ufunguo wa wimbo kutoka kwako. Wakisema hawana, usisukume. Uliza mwimbaji gani katoka kwaya, kisha omba lolote la taratibu analolipenda yeye. Mara nyingi hapo ndipo unapata kitu kizuri kuliko ulichoomba.

Wakikupigia, tunza. Noti mkononi au kwenye kisanduku cha mbele ya jukwaa, wakati vyombo vinajibu, si katikati ya mstari. Wapo wanaobandika noti kwenye paji la uso, na kwa mwimbaji wa rumba ni sehemu ya mchezo, ila mpuliza saksofoni usimkaribie uso kabisa: ukimgusa kiwiko umemkata pumzi. Na mpiga besi mkumbuke. Huwa amesimama gizani nyuma, na wimbo mzima umekaa mgongoni kwake.

Usiku wa baridi kwenye jukwaa la nje kuna kasoro inayojirudia. Nyimbo mbili za kwanza zinakuwa na kitu kinachokera ambacho hukijui jina. Sababu ni hii: baridi inakaza nyuzi za gita, sauti inapanda, lakini hewa baridi ndani ya saksofoni na tarumbeta inaishusha sauti. Vyombo viwili vimetoka nyumbani vimekubaliana, vimefika jukwaani kila kimoja kinavuta upande wake. Kinanda cha umeme hakijali baridi, kimebaki katikati. Bendi inayojielewa itapuliza vipulizo hivyo kimyakimya dakika kadhaa ili vipate joto, kisha itasimama baada ya wimbo wa tatu au wa nne kurekebisha nyuzi upya, kwani taa na mikono vimeshazipasha. Wakisimama hivyo usipige miluzi ya kuwaharakisha. Ndiyo dakika inayookoa usiku wako.

Maiki ikianza kulia kama filimbi, ujue mwimbaji amesimama mbele ya spika au amekifumbata kichwa cha maiki kwa kiganja. Ukialikwa kupanda kuitikia, na kwenye kumbi zetu mgeni huweza kualikwa, shika maiki mwilini mwake, midomo iwe sentimita tatu hadi tano, usiielekeze kwenye spika iliyo miguuni.

Umeme ukikatika usikimbilie geti. Ngoma, saksofoni na sauti za watu hazihitaji waya, na wimbo wa kuitikiana ukiendelea gizani mpaka jenereta ishike unakuwa ndio ule uliozaliwa kanisani, bila nyongeza.

Masikio sasa. Sauti ya desibeli 85 inavumilika saa nane, na kila inapopanda desibeli tatu muda huo unakatwa nusu; kwenye desibeli 100 umebakiwa na robo saa. Kipimo cha bila kifaa: kama lazima upaze sauti kumsemesha mtu aliye umbali wa mkono, umevuka mpaka. Nunua vizibo vya sponji, vibonyeze viwe vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka vitanuke. Vikikaa juujuu vinaondoa sauti nyembamba tu na kukuachia mvumo, halafu unasema havifai.

Usafiri wa kurudi panga kabla ya saa 5 usiku, wakati dereva wa bajaji bado ana chaguo na wewe bado unahesabu vizuri. Mpeni saa na bei, chukua namba yake. Daladala usizitegemee. Watu wanne wa upande mmoja, tuseme Uyole au Iyunga, wachange chombo kimoja.

Jumapili

Ukiweza kuamka, nenda ukasikie chanzo. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na desturi ya kanisa lao ya kupuliza vyombo vya shaba kwa kundi ingali hai. Tarumbeta za kanisani utazisikia Tukuyu na Mbeya mjini, na Walutheri nao wanazo. Fuata sauti nne, hasa ile nene ya chini, kisha linganisha na vipulizo vya Stax. Hesabu ni tofauti, pumzi ni ileile. Vaa kwa heshima, kaa mpaka mwisho, toa sadaka, na usinyanyue simu kurekodi bila kumuuliza mzee wa kanisa.

Wikiendi isiyo na bendi: jioni ya kusikiliza nyumbani

Zitakuwa nyingi, hasa mvua za Desemba hadi Aprili. Alika watu wanane hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo mazungumzo yanaumeza muziki. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinatosha.

Spika ziwe mbili, zipishane mita 2, na wasikilizaji wa mbele wakae mita 2 kutoka kila moja, pembetatu ya pande sawa. Ziinue mita moja, usawa wa sikio la aliyeketi, na uziache sentimita 50 kutoka ukutani. Usiziweke pembeni kabisa mwa chumba ukidhani unaokoa nafasi: besi itavimba, sauti ya mwimbaji itazama. Kuta za saruji zinarudisha sauti, kwa hiyo simamisha godoro nyuma ya wasikilizaji na tandika mkeka au blanketi sakafuni katikati. Tofauti utaisikia kwa kupiga kofi moja kabla na moja baada: la pili halina mwangwi mkali. Dhidi ya mvua kwenye bati lisilo na dari hakuna dawa. Subiri ipungue, mimina chai ya Mufindi, endelea baadaye. Kupandisha sauti kuishinda mvua ni kuunguza spika.

Kwa umeme wa mashaka, betri ya gari ya N70 ina kama wati-saa 840. Usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Nusu hiyo, ukitoa inayopotea kwenye inveta, inaendesha ampilifaya inayokula wati 60 kwa takriban saa sita. Betri iwe mahali penye hewa, si chini ya kochi.

Nyimbo ishirini ni saa moja. Zigawe tano-tano, kila kundi mji mmoja, na kati yake dakika kumi za kubishana. Simu inayopiga muziki iwe ya mtu mmoja na iwekwe kwenye hali ya ndegeni, la sivyo meseji ya mkopo italia katikati ya kiitikio. Kila mgeni aje na wimbo mmoja na aweze kusema kwa sentensi moja tusikilize nini ndani yake. Asiyeweza, wimbo wake unapigwa mwisho. Sheria kali, lakini ndiyo inayozuia jioni isigeuke baa.

Bila kiingilio, na majirani wakijua, hii ni jioni ya nyumbani; mpigie tu mwenyekiti wa mtaa mapema. Ukianza kuuza tiketi au kubandika bango, hesabu zinabadilika: pita kwa afisa utamaduni wa halmashauri na polisi kwa vibali, na uulizie leseni ya hakimiliki ya kupiga muziki hadharani.

Saa 4 usiku shusha sauti robo, weka ya Al Green ya taratibu, na ziite bajaji wakati huo, si baada yake. Zitafika wimbo unapoisha, na jirani ataishia kusikia mlango tu.